Aibu ya Kitu Kilichokwisha Uzwa

  

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, aliniletea mas'ala ndugu mmoja mwenye duka Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Kongo. Ndugu huyu huuza vitu vya watoto vya mtumba vitokavyo Ulaya: vigari vya kusukuma, vitanda vya kukunja, na viti vile vinavyofungwa ndani ya motokaa ili mtoto akae humo. Vitu hivi humfikia katika kontena pamoja na baiskeli na magodoro, naye hununua kwa jumla, wala hapewi nafasi ya kuchagua. Katika mzigo mmoja alipata viti 3 vya namna moja. Kimoja akakiuza, viwili vikabaki vimetundikwa mlangoni. Kisha kijana wa dada yake, akaaye Uingereza, akaviona katika picha aliyopelekewa kwa simu, akamwambia mjomba wake akigeuze kiti asome namba iliyoandikwa chini. Jawabu likaja usiku ule ule: viti vya namna hiyo vilikwisha tangazwa na mtengenezaji wake mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, kuwa vina ila katika kifungo cha mikanda, na kila aliye nacho ametakiwa asimpakie mtoto.

Akaniambia, "Maalim, vile viwili nimeviondoa mlangoni. Lakini kile cha tatu kimekwenda zake, na fedha yake nimekwisha kula. Je, nina deni?"

Waliokuwapo barazani walimjibu kabla yangu, kama ilivyo ada ya baraza. Mmoja alisema kuwa biashara imekwisha. Watu wawili wameachana radhi, na risiti imeandikwa waziwazi kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wa pili alisema kuwa siku ya kuuza hakujua, na asiyejua hana lawama. Wa tatu, mzee mcha Mungu, alisema fedha ile itolewe sadaka, na moyo utatulia. Kila moja katika majibu haya ina kipande cha haki ndani yake, na kwa hiyo yataka yaangaliwe polepole, maana uwongo mtupu hauwapotezi watu wa akili.

Lakini kwanza tukijue kitu chenyewe, kwa kuwa wengi wetu twakidhani ni pambo la watu wenye mali, na twasema kuwa sisi tulipakatwa na mama zetu na tukakua. Motokaa iendayo mwendo wa kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta, motokaa husimama, walakini waliomo ndani hawasimami. Huendelea na mwendo ule ule mpaka wazuiwe na kitu. Mtoto wa kilo 10 aliye mapajani mwa mamaye, katika kitambo kile kifupi kuliko kupepesa jicho, huwa mzigo wa zaidi ya kilo 100 urukao mbele. Mpagazi wa Shimoni, aliyezoea kubeba magunia tangu alfajiri, hawezi kuudaka mzigo wa namna hiyo. Sembuse mama aliyechoka na safari. Na yule afungaye mkanda mmoja juu yake na juu ya mtoto, akidhani amemlinda, amemweka mtoto baina ya mkanda na uzito wa mwili wake mwenyewe. Serikali ya Marekani imepima jambo hili kwa miaka mingi, ikaona kuwa kiti kilicho kizima na kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya motokaa kwa 71 katika kila 100, na vya watoto wa mwaka 1 hata miaka 4 kwa 54 katika kila 100. Basi si pambo. Ni kama kamba ya mzamia lulu.

Na kama ni kamba, aibu yake si kama aibu ya nguo. Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kiti kibovu hakifuati kanuni hiyo. Kitambaa chake kizuri, rangi yake haijapauka, kimefuliwa kikanukia sabuni, nacho chajiuza chenyewe. Ila yake imo ndani ya kifungo, au ndani ya plastiki iliyopata ufa katika ajali iliyotokea katika mji ambao muuzaji hajapata kuusikia. Tena kina ubaya mmoja wa kuzidi. Baba asiye na kiti ajua kuwa mwanawe yu khatarini, na huenda akapunguza mwendo, au akaiacha safari ya usiku. Baba mwenye kiti kibovu ameuziwa utulivu wa moyo, naye huenda mbio kidogo. Alichonunua hasa ni ule utulivu, na ndio huo ulioghushiwa.

Sasa tueleze ule mwito wa kurejesha, maana ni jambo geni katika masoko yetu. Katika nchi nyingi mtengenezaji akigundua, au akigunduliwa, kuwa kitu alichokwisha kukiuza kina ila ya kudhuru, humlazimu atangaze, awaite walionacho, akitengeneze bure, au akibadilishe, au arudishe fedha. Mwaka 2014 kampuni ya Graco ya Marekani iliita viti vya watoto zaidi ya milioni 6 kwa sababu ya vifungo vyake: maziwa na chakula cha mtoto vikimwagikia ndani vikakauka, kifungo hugoma kufunguka. Na aifikirie mtu motokaa inayofuka moto na mama anavuta kifungo kisichofunguka. Mwezi wa Machi 2015 serikali ya Marekani iliitoza kampuni ile dola milioni 10, na sababu ya kutozwa yafaa kusomwa mara mbili: haikutozwa kwa kuwa kifungo kilikuwa kibaya, bali kwa kuwa ilichelewa kusema.

Kuna mfano wa pili ulio karibu nasi zaidi, nao ni ule mfuko wa upepo ufumukao mbele ya dereva motokaa ikigonga. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya mifuko hiyo kwa baruti ya namna ambayo joto na unyevu huiharibu kwa muda wa miaka. Ikiharibika, hulipuka kwa nguvu ya kuzidi, na kile chombo cha chuma kilichoishika hupasuka vipande vipande vikampiga aliyekaa mbele yake. Katika dunia nzima imeitwa mifuko ya namna hii karibu milioni 100. Mwezi wa Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la udanganyifu huko Marekani na kulipa dola bilioni 1, kwa kuwa ilikuwa imewapa watengenezaji wa motokaa khabari za uwongo juu ya majaribio yake. Na mwezi wa Juni mwaka ule ule ikafilisika. Watu wamekufa pia Malaysia, nchi ya joto na mvua. Motokaa nyingi tunazopanda Dar es Salaam zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko, na hewa yetu ya pwani, yenye joto na chumvi na unyevu mwaka mzima, ndiyo ile ile iiharibuyo baruti ile. Kila motokaa ina namba yake ya chesisi, na kwa namba hiyo mtu aweza kuuliza kama imeitwa. Ni wangapi miongoni mwetu waliouliza? Twauliza mafuta, twauliza kodi ya forodha, twauliza redio.

Nawe waona ilivyo njia ya khabari hizi. Kiti kipya huuzwa Marekani pamoja na kadi ndogo. Mnunuzi huandika jina lake na anwani yake akaipeleka kwa mtengenezaji, na siku ya mwito barua humfikia. Lakini mtoto amekwisha kukua, kiti kimetolewa sadaka, sadaka imeuzwa kwa mwenye kontena, kontena imevuka bahari. Barua yafika katika nyumba isiyo na kiti, na kiti chafika Kariakoo bila ya barua. Bidhaa hupanda meli. Onyo hubaki bandarini. Huenda mtengenezaji amefanya wajibu wake wote kwa sharia ya nchi yake, na mtoto wa Mbagala bado amekaa juu ya kifungo kile.

Turejee kwa wale watatu wa barazani.

Aliyesema kuwa biashara imekwisha, tumjibu kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa kwayo katika pwani hii. Mnunuzi akikuta katika kitu ila iliyokuwamo kabla hajakipokea, inayopunguza thamani yake au kuharibu kusudi lake, ana khiyari ya kukirudisha, maadamu hakukawia bila ya udhuru baada ya kuijua. Khiyari hii haihitaji kuandikwa. Imo ndani ya kila biashara kama chumvi ilivyo ndani ya maji ya bahari. Je, muuzaji akishurutisha kuwa haidhamini ila yoyote? Kauli iliyo na nguvu katika Minhaji ya Imamu Nawawi ni kuwa sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: ila ya ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Mnyama hula na hulala na huficha ugonjwa wake, hata bwana wake asijue. Kiti hakili wala hakilali. Basi yale maneno ya chini ya risiti, yaliyopigwa chapa kwa wino hafifu, si ngome ya kujifichia. Na hata sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, imeweka katika mauzo ya mlaji masharti yasiyotamkwa, kuwa kitu kiwe cha ubora ufaao kuuzwa na kiweze kazi yake.

Tena mwenye kusema kuwa watu wawili wameachana radhi amewahesabu watu wawili. Wa tatu yuko wapi? Mtoto hakuuza wala hakununua, hakuulizwa bei, hakupewa risiti, na ndiye atakayekaa humo. Watu wa mjini wanaikumbuka asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi ilipoanguka na watu 36 wakafa. Baina ya mwenye kiwanja na mjenzi palikuwa na mapatano, na pengine walikuwa wameridhiana vizuri sana.

Wa pili alisema kuwa muuzaji hakujua. Hapa nataka tukumbuke khabari iliyopokewa na Imamu Muslim, ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipouliza, mwenye chakula alijibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Kila mtu huikumbuka khabari hii kwa mwisho wake, pale Mtume alipomtoa mdanganyifu katika hesabu ya watu wake. Mimi nataka tusimame katikati yake, penye lile jawabu la mvua. Mtu yule hakukitia maji chakula chake. Mvua haikuwa kosa lake, wala Mtume hakumlaumu kwa mvua; alimuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone. Udhuru wake ulikuwa wa kweli na haukumfaa. Vivyo hivyo mwenye duka wetu hakukitengeneza kifungo. Mvua ilinyesha mbali, katika kiwanda cha watu wengine. Linalotazamwa ni lile alilolifanya baada ya kuujua unyevu.

Na kabla ya kuujua? Hapa pana ugumu, nami sitaki kuupita kama sikuuona. Ni kweli kuwa asiyeweza kujua hana dhambi. Lakini kutojua ni kwa namna mbili, na moja hujivika nguo ya mwenzie. Mfanya biashara wa Kariakoo ajua bei ya dola kabla hajanywa chai. Ajua meli ipi imetia nanga na ipi yangoja nje. Ajua kitambaa gani kimepanda bei Guangzhou juzi. Simu i mkononi mwake mchana kutwa. Nyuma ya kiti au chini yake pana karatasi yenye namba ya namna yake na tarehe ya kutengenezwa. Vya Ulaya vina kipande cha rangi ya machungwa chenye namba ya kanuni iliyovipima, 44 au 129. Na vingi vimetiwa muda wa kuacha kutumika, aghalabu miaka 6 hata 10, kwa kuwa plastiki huchoka kwa jua na joto. Mtu anayeweza kuyasoma hayo asiyasome, kwa kuogopa asije akajua, huyo si mjinga. Amejikodishia ujinga kwa ajili ya biashara. Na yule aibanduaye karatasi kwa kisu na maji ya moto, kwa kuwa tarehe yake haipendezi, hatumo katika mazungumzo yake. Hukumu yake haitaki kitabu.

Watu wataniambia: "Wewe wataka kuwanyima maskini. Kiti kipya bei yake haikamatiki. Ukifunga mlango wa mtumba, mtoto wa fundi cherehani atapakatwa." Neno hili lilinikalia moyoni siku nyingi, kwa kuwa ni la kweli. Kiti cha zamani ambacho hakikuitwa, hakikupata ajali, na mikanda yake ni mizima, ni bora mara nyingi kuliko mikono ya mtu. Basi sisemi mtumba uharamishwe. Nasema muuzaji aseme. Akijua, aseme anachokijua. Asipojua, aseme wazi kuwa hajui kiti hiki kilipita katika nini, wala asiape kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni kizima kwa kuwa tu amekipangusa vumbi. Mnunuzi akiisha kusikia ana akili yake na mfuko wake. Maskini ana haki ya kupewa bei rahisi, na ana haki ya kuambiwa kwa nini ni rahisi. Umaskini haukumvua haki hii ya pili. Wala si kila kilichoitwa ni cha kutupwa. Vile vifungo vya mwaka 2014, kampuni ilitoa vingine vipya bila ya malipo, na mwenye jamaa ng'ambo aweza kuomba aletewe. Ila ikishindikana kutengenezwa, hapo hapana bei ya chini iliyo halali, wala hapana sadaka ya kumpa jirani kitu ambacho hungemkalisha mwanao.

Wengine husema: kosa ni la mtengenezaji tajiri, khasara kwa nini imwangukie mwenye fremu ya futi kumi? Naam, ni dhulma. Katika fiqhi kila aliyerudishiwa kitu kwa ila iliyokuwamo kabla hakijafika kwake ana haki ya kumrudia aliyemuuzia. Lakini nani amjuaye mwenye kontena, na kontena ilikuwa na vitu mia namna namna visivyo na orodha? Mnyororo hukatika hapo, na khasara hukaa palipokatika. Sina dawa ya jambo hili, na wenye kushika mizani ya serikali ndio wapaswao kulitazama. Walakini kudhulumiwa kwako na aliye juu yako si hati ya kumshushia aliye chini.

Sasa yule wa tatu, mzee wetu aliyetaja sadaka. Yeye alikuwa na mfano mkubwa mbele yake, ijapokuwa hakuutaja. Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanya biashara wa nguo katika mji wa Kufa. Alimpelekea mshirika wake, Hafs, mzigo wa nguo, akamwambia kuwa nguo moja ina aibu, aieleze atakapoiuza. Mshirika akasahau akauza, wala hakumjua aliyenunua. Abu Hanifa alipopata khabari, alitoa sadaka thamani ya mzigo ule wote. Ni uchaji mkubwa. Lakini tuangalie: nguo yenye aibu humpunguzia mwenyewe thamani kidogo, na khasara ya mali yaweza kufidiwa kwa mali, hata kama ni kwa fukara asiyehusika, mwenye haki akikosekana. Kiti kikitolewa sadaka bei yake, kiti bado kimefungwa ndani ya motokaa, na mtoto bado yumo. Sadaka imemsafisha muuzaji na haikumfikia mtoto. Twapenda sana toba ya namna hii sisi watu wa biashara, kwa sababu hukamilika bila ya kumtazama mtu usoni.

Mfano unaomfaa ndugu yetu ni mwingine. Imamu Ghazali ametaja katika Ihyaa khabari ya sahaba Wathila bin Al-Asqaa. Alikuwa amesimama sokoni, mtu akauza ngamia jike kwa dirham 300. Wathila alighafilika, alipozinduka mnunuzi amekwisha kwenda na ngamia wake. Basi akamwandama mbio akimpigia kelele, akamuuliza: je, amemnunua kwa kuchinja au kwa kupanda? Aliposema kwa kupanda, Wathila akamwambia kuwa ameona tundu katika kwato, na ngamia huyo hataweza safari ya mfululizo. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirham 100, na akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara yake.

Tazama mambo mawili. Wathila hakuwa muuzaji. Hakupata hata dirham moja. Mwenye kosa, ikiwa lipo, ni mwingine. Lakini macho yake yalikuwa yameliona tundu, na hayo yakamtosha kuwa deni. Ikiwa mpita njia amefungwa na kujua kwake, mwenye duka aliyepokea fedha atafunguliwa na nini? Na la pili ni lile swali lake: kuchinja au kupanda? Hakupiga kelele tu ya kuwa mnyama ni mbovu. Aliuliza kitu kimekusudiwa nini, kwa kuwa tundu la kwato si aibu kwa mwenye kutaka nyama. Kiti kile kama kimewekwa sebuleni mtoto alishwe uji humo, basi jambo ni jepesi. Kama kimo barabarani, ni la usiku ule ule.

Nikamwambia ndugu yangu: deni lako si fedha kwanza. Deni lako ni mbio.

Akasema hamjui mnunuzi. Nikamuuliza alilipwaje. Akafikiri, akasema alilipwa kwa simu. Basi namba ilikuwamo ndani ya simu yake wakati wote tuliokuwa tukijadiliana, chini ya khabari za miezi miwili. Pia alikumbuka kuwa mnunuzi aliletwa na winga, yaani mmoja katika vijana wale wasio na duka wawapokeao wageni njiani na kuwaongoza dukani, wakaongeza chao juu ya bei. Winga alimkumbuka mteja, maana mawinga hawasahau mtu aliyelipa vizuri.

Simu ilipigwa kesho yake asubuhi. Mnunuzi, mtu wa Temeke, kwanza alidhani anataka kunyang'anywa kiti kwa kuwa amepatikana wa bei kubwa, akakata. Alipopigiwa mara ya pili alisema kuwa kiti hanacho, amemwazima dada yake aliyekwenda Tanga kwa motokaa ya mumewe, na wangeondoka huko Jumapili kurudi. Ilikuwa Ijumaa. Ndugu yetu alifunga duka saa tatu, wakati wateja wanapoanza kujaa, akakaa juu ya kigoda nyuma ya pazia akipiga simu Tanga mpaka adhana, kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya na shemeji yule hakuwa akipokea namba asiyoijua.

Kiti kililetwa Jumanne kwa basi la Tanga, ndani ya gunia lililoshonwa kwa kamba. Mwenye duka alilipa nauli ya mzigo, akarudisha bei yote aliyopokea, na fungu la winga pia, ambalo hakulipokea yeye. Juu ya hilo tulibishana, nami nilimwona amezidisha, lakini hakunisikiliza. Watoto walirudi kutoka Tanga kwa basi lile lile pamoja na mama yao, motokaa ikafuata nyuma na baba peke yake. Viti vyote 3 alivitoa nje ya duka baada ya sala ya Alasiri, akaikata mikanda kwa kisu kimoja baada ya kimoja, akavunja vifungo kwa nyundo, na juu ya plastiki akaandika kwa rangi nyekundu KIBOVU, ili mwokota taka wa Jangwani asije akavifua na kuvitundika katika mlango mwingine.